Moshi wa metali unavyowadhuru mafundi kimyakimya

*Hauumizi papo hapo, na ndiyo sababu wengi huupuuza hadi afya inapoharibika

Na Mwandishi Wetu

NI vigumu kupita katika miji ya Afrika Mashariki bila kukutana na cheche za moto wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda, mikokoteni na matangi ya maji hutengenezwa kando ya barabara, kuanzia Gerezani na Buguruni jijini Dar es Salaam hadi Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi.

Hatari ya mwanga wa kazi hiyo inafahamika na wengi. Watoto huonywa wasiutazame, na fundi anayejiheshimu hakosi miwani yake myeusi au ngao ya uso. Usiku mmoja wa macho yanayowasha kama yaliyotiwa mchanga humtosha mtu kujifunza.

Moshi, kwa upande wake, hautoi adhabu ya haraka namna hiyo. Hupanda taratibu mbele ya uso wa fundi, huingia puani, na mwisho wa siku fundi hurudi nyumbani akiwa mzima. Adhabu yake inaweza kuchelewa miaka 10, 20 au zaidi, na inapofika, mara nyingi hakuna anayekumbuka ilikotoka.

Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) chenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ni kundi lile lile lenye moshi wa tumbaku na asbesto. Kabla ya uamuzi huo, moshi huo ulikuwa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu.

Ifahamike kuwa upangaji huo hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Hauna maana kwamba fundi wa kuchomelea ana hatari sawa na mvutaji wa sigara. Maana yake ni kwamba wanasayansi hawana tena shaka kuwa moshi huo husababisha saratani ya mapafu.

Kwa makadirio yaliyotolewa wakati huo, duniani kote kulikuwa na watu milioni 11 ambao kazi yao rasmi ni kuchomelea, na wengine takriban milioni 110 wanaovuta moshi huo kwa kuwa kuchomelea ni sehemu tu ya kazi zao, au kwa kuwa wanafanya kazi jirani na wachomeleaji.

Chuma hugeukaje kuwa moshi?

Kwa mtu wa kawaida, chuma ni kitu kigumu kisichoweza kuruka hewani. Lakini kila metali ina joto lake la kuyeyuka na joto lake la kugeuka mvuke. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi. Zinki huyeyuka katika nyuzi 420 na huchemka katika nyuzi 907. Moto wa umeme wa kuchomelea hupita nyuzi 5,000.

Kwa hiyo, ncha ya kijiti cha kuchomelea inapogusa chuma, sehemu ya metali hugeuka mvuke mara moja. Mvuke huo hukutana na hewa, hupoa, huungana na oksijeni na kuwa chembechembe ndogo mno. Hicho ndicho kinachoonekana kama moshi.

Nyingi kati ya chembe hizo ni ndogo kuliko elfu moja ya milimita, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mara 70 ya kipimo hicho. Nywele za puani na ute wa kooni, ambavyo huzuia vumbi la kawaida, haviwezi kuzinasa. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo hewa hukutana na damu.

Kutoka hapo njia huwa mbili. Baadhi ya metali hubaki mapafuni na kuyachubua mwaka hadi mwaka. Nyingine huingia katika damu na kusafirishwa hadi kwenye ubongo, figo, mifupa na hata mtoto aliye tumboni.

Aidha, si kuchomelea pekee kunakozalisha hatari hiyo. Kukata chuma kwa gesi, kusaga na kupiga msasa, kuziba rejeta za magari kwa solda, kusubu sufuria kwa alumini chakavu, kuyeyusha risasi kwa ajili ya chubwi za nyavu, na kuvunja betri za magari ni kazi zinazorusha metali hewani kila siku.

Homa ya Jumatatu na imani ya maziwa

Dalili ya haraka zaidi hutokana na zinki. Mabomba na mabati mengi hupakwa madini hayo ili yasishike kutu. Fundi anapoyachomelea bila kuondoa tabaka hilo, huvuta moshi mweupe wa zinki.

Saa 4 hadi 10 baadaye, akiwa amesharudi nyumbani, huanza kusikia baridi, kiu, ladha ya chuma mdomoni, maumivu ya viungo na homa. Wengi hudhani ni malaria. Siku moja au mbili baadaye homa hutoweka yenyewe.

Katika nchi za viwanda maradhi haya yalipewa jina la homa ya Jumatatu. Sababu ni kwamba mwili hujenga uvumilivu wa muda mfupi wakati mfanyakazi anapovuta moshi kila siku. Anapopumzika mwisho wa wiki, uvumilivu huo hupotea, naye hushikwa upya anaporejea kazini.

Katika karakana nyingi, dawa inayoaminiwa ni maziwa. Wapo mafundi wasioanza kazi bila kuyanywa, na wapo waajiri wanaoyatoa kila siku wakiamini kuwa wametimiza wajibu wao. Lakini maziwa huenda tumboni, ilhali moshi huenda mapafuni. Ni lishe nzuri, ila hayasafishi mapafu wala hayazuii metali kuingia katika damu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba humpa mfanyakazi utulivu usio na msingi, na humpa mwajiri kisingizio cha bei nafuu.

Hatari zaidi kuliko zinki ni kadimiamu, inayopatikana katika baadhi ya solda za fedha na katika vyuma vilivyopakwa madini hayo. Mwanzo wake hufanana na homa ya zinki, lakini baada ya saa kadhaa mapafu yanaweza kujaa maji na mgonjwa kufariki dunia. Ndiyo maana fundi anayepata shida ya kupumua baada ya kazi hapaswi kusubiri asubuhi. Aende hospitali usiku huo huo, na amweleze daktari kazi aliyokuwa akiifanya.

Metali zinazovuruga fahamu

Manganizi hutiwa katika vijiti vya kuchomelea na katika chuma ili kukiongezea uimara. Mwili wa binadamu huihitaji kwa kiasi kidogo kupitia chakula, lakini ikivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu hulimbikizana katika sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1837, tabibu wa Scotland aliyeitwa Couper aliandika kuhusu wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini ya manganizi katika kiwanda cha Glasgow. Miguu yao ilidhoofika, sauti ikafifia, na nyuso zao zikakosa uchangamfu.

Kwa fundi wa leo, dalili za awali zaweza kuwa hasira za ghafla, usahaulifu, usingizi wa shida na mkono kupoteza ustadi. Ni dalili ambazo jamaa huzitafsiri kwa urahisi kuwa ni ulevi, msongo wa maisha au hata kurogwa. Zikifikia hatua ya mwendo kubadilika, kwa kawaida hazirudi nyuma.

Hofu hiyo ndiyo iliyosababisha chama cha wataalamu wa afya ya viwandani cha Marekani, ACGIH, kushusha mwaka 2013 kiwango kinachopendekezwa cha chembe za manganizi zinazofika ndani ya mapafu. Kiwango hicho sasa ni miligramu 0.02 katika mita moja ya ujazo ya hewa, ilhali awali kilichopendekezwa kwa madini hayo kilikuwa miligramu 0.2.

Kwa upande wa chuma kisichoshika kutu, ambacho kinapendwa siku hizi kwa ngazi, vizuizi vya baraza na vifaa vya jikoni, tatizo ni kromiamu na nikeli. Joto la kuchomelea huigeuza sehemu ya kromiamu kuwa aina inayosababisha saratani. Marekani ilipitisha mwaka 2006 kanuni inayoweka ukomo wa mikrogramu 5 tu za kromiamu hiyo katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8 za kazi.

Zebaki nayo huwakabili wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwamo wa Geita na Chunya nchini Tanzania na Migori nchini Kenya. Hutumika kunasa chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa hubaki mwilini. Unaposhika neva, mikono hutetemeka na kumbukumbu hupotea. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi hayo na, inapowezekana, kuyakomesha.

Funzo la Owino Uhuru

Hakuna mfano ulio karibu zaidi unaoonyesha gharama ya metali hewani kuliko ule wa Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 mjini Mombasa.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi kando ya mtaa huo ili kupata risasi ya kuuza nje. Moshi wake ulitua juu ya nyumba, na majitaka yake yakapita katikati ya makazi. Wanaume na wanawake wa mtaa walipata ajira hapo, na kwa wengi ilikuwa baraka.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009. Baada ya muda mfupi mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha kuwa alikuwa na risasi mwilini. Mama huyo aliacha kazi na kuanza kampeni iliyomfanya akamatwe na kutishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ya wakazi ilichukua safari ndefu. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha.

Ikumbukwe kuwa kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa miaka 10 wakati hukumu ya mwisho ilipotolewa. Watoto waliokuwa wachanga wakati moshi ukifuka walikuwa wamekuwa vijana.

Sababu ya risasi kuwa sumu ya muda mrefu ni tabia yake mwilini. Katika damu, nusu yake hutoweka kwa takriban mwezi mmoja. Lakini sehemu kubwa huhamia mifupani, ambako hukaa kwa makumi ya miaka, ikirudi katika damu kidogo kidogo, hasa wakati wa ujauzito au uzee. Kwa mtu mzima huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, shinikizo la damu na maradhi ya figo, na huharibu uzazi kwa wanaume na wanawake.

Kwa mtoto hali ni mbaya zaidi. WHO inaeleza kuwa watoto wadogo hufyonza risasi wanayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kukomeshwa pale kipimo kinapofikia mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu.

Mtoto huyo si lazima aishi jirani na kiwanda. Vumbi la risasi hufuatana na baba hadi nyumbani katika nywele, viatu na ovaroli inayofuliwa pamoja na nguo za familia.

Kwa nini harufu na macho havitoshi

Mafundi wengi hupima hatari kwa uzito wa moshi. Wakiona hewa ni nyeupe hukohoa na kusogea, wakiona ni safi huendelea. Kipimo hicho hakifai.

Ukomo wa risasi hewani nchini Marekani, uliowekwa mwaka 1978, ni mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo. Mfanyakazi huvuta takriban mita 10 za ujazo kwa zamu ya saa 8. Kwa hesabu hiyo, anayefikia ukomo huo huvuta nusu ya miligramu kwa siku, uzito unaokaribia wa punje moja ya sukari. Hakuna jicho linaloweza kuiona punje hiyo ikiwa imetawanyika katika hewa ya siku nzima.

Njia ya uhakika ni kupima hewa kwa pampu ndogo inayofungwa mkandani na kichujio kinachobanwa kwenye kola, karibu na pua. Kwa risasi, hupimwa pia damu.

Nini kifanyike

Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi, na barakoa ndiyo ngazi ya mwisho, si ya kwanza.

Ngazi ya kwanza ni kuondoa chanzo. Chuma kinachoweza kuunganishwa kwa boliti kisichomelewe. Rangi, mafuta na tabaka la zinki viondolewe kabla ya kuwasha moto, na vumbi lake lisifagiliwe kwa ufagio mkavu.

Ngazi inayofuata ni kuuvuta moshi pale pale unapozaliwa, kabla haujafika puani. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ilitangaza kuwa kuchomelea ndani ya jengo kunahitaji vifaa vya aina hiyo hata kwa chuma cha kawaida, kwa kuwa madirisha na feni pekee havitoshi.

Kwa karakana isiyo na uwezo huo, yapo mambo yasiyogharimu fedha. Kazi ifanyike nje au mahali penye upepo. Fundi asimame ubavuni mwa upepo, si kwa kuupa mgongo, kwa kuwa upepo wa nyuma huzunguka na kuurudisha moshi usoni. Kichwa kisiinamie juu ya moshi. Ndani ya tangi au shimo, kazi isifanyike bila hewa ya kuingizwa na mtu wa kuangalia nje, kwani hapo hata oksijeni inaweza kuisha.

Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii moshi wa metali. Hata barakoa za upasuaji hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kinachohitajika ni barakoa ya kichujio cha kiwango cha N95, FFP2 au zaidi, inayobana uso pande zote. Ndevu huifanya ivuje.

Mikono ioshwe kabla ya kula au kuvuta sigara. Nguo za kazi zibaki kazini, na zifuliwe peke yake. Uingereza hupendekeza pia chanjo dhidi ya nimonia kwa wachomeleaji, kwa sababu moshi huwafanya wapatwe na maradhi hayo kwa urahisi zaidi.

Sheria ipo, ila inamfikia nani?

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Sheria hiyo inamtaka mwajiri kumpima afya mfanyakazi na kumlinda dhidi ya hatari za kazi. Kenya ina sheria kama hiyo ya mwaka 2007. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wa Tanzania, ulioanza kazi mwaka 2015, unahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, na mchango wake hutolewa na mwajiri bila kukatwa katika mshahara.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981, ambao tangu mwaka 2022 umo miongoni mwa mikataba ya msingi, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwajiri anayemkata fundi fedha ya barakoa anakwenda kinyume na msingi huo.

Hata hivyo, sheria hizo zimejengwa juu ya neno mwajiri. Fundi wa kando ya barabara, anayelipwa kwa geti moja moja, na kijana anayejifunza kazi bila mkataba, hubaki nje ya ulinzi huo. Hao ndio wengi, na ndio wanaovuta moshi mwingi zaidi.

Kikwazo kingine ni muda. Kwa makadirio ya ILO yaliyotolewa mwaka 2023, karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na kazi, na kati yao milioni 2.6 huuawa na magonjwa, si ajali. Kidole kilichokatwa na mashine huonekana na kuandikwa siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyochakaa huonekana baada ya kampuni kufungwa, msimamizi kuhama na kumbukumbu kupotea.

Kwa sababu hiyo, kumbukumbu ni kinga pia. Mfanyakazi ana sababu ya kuomba nakala ya kila kipimo chake, kuandika mahali alipofanya kazi, miaka na aina ya metali aliyoshughulikia, na kuzihifadhi karatasi hizo nyumbani. Siku daktari atakapouliza, au mfuko wa fidia utakapodai ushahidi, zitakuwa na thamani.

Madaktari nao wana wajibu wa kuuliza swali moja ambalo mara nyingi husahaulika: mgonjwa anafanya kazi gani? Homa inayokuja baada ya kuchomelea mabati haihitaji dawa ya malaria. Na fundi mwenye mikono inayotetemeka akiwa na miaka 40 hastahili kuambiwa apunguze pombe kabla ya kuulizwa ameshika kijiti cha kuchomelea kwa miaka mingapi.

Ukaguzi wa karakana ndogo, mafunzo ya kupima hewa na barakoa zinazouzwa kwa bei ambayo fundi anaimudu ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa serikali, halmashauri na vyama vya mafundi. Kila mwezi unaopita bila hayo, moshi unaendelea kuvutwa.